Usiwashe Gari, Mama Jastin

Tusekile alikuwa mfanyabiashara wa maharage mjini Tunduma. Watu walimwita Mama Jastin, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kila Jumatatu na Alhamisi alipakia magunia kwenye gari lao, Corolla ya zamani ya bluu. Akaipita foleni ndefu ya malori, akashika barabara kuu kwenda sokoni Vwawa. Gari lile lilimzidi Jastin umri. Kioo cha dirisha moja kilipanda kwa kusukumwa kwa mkono. Lakini lilikwenda na kurudi.

Mumewe, Kasiani, alikuwa seremala. Walikuwa pia na shamba la kahawa kule Ikinga, wilaya ya Ileje, alilowaachia baba yake Kasiani. Kahawa ya shamba lile ndiyo iliyowasomesha watoto.

Siku moja Sebastian, mdogo wake Kasiani, alinunua gari. Lilikuwa jeupe na lilikuwa jipya jipya. Kuanzia hapo, kila Jumapili mkewe, Brenda, alishushwa mbele ya mlango wa kanisa. Hakuwa na haraka ya kushuka. Tusekile alimwona, na roho ikamuuma. Siku ya kwanza aliona wivu mpaka akasahau maneno ya wimbo wa kwaya, na alikuwa anaimba mstari wa mbele!

"Mwenzangu anashuka kama bibi harusi," alimwambia Kasiani. "Mimi nashuka najipangusa vumbi la maharage."

Kasiani aliwasha gari, wakarudi nyumbani.

Asubuhi ya Jumamosi moja, Tusekile alitoka nje akakuta gari limeharibiwa. Vioo vilivunjwa. Taa za mbele zilipasuliwa. Viti vilichanwa kwa kisu, na mlango mmoja ulibonyezwa vibaya. Alilia kwa sauti. Majirani wakakusanyika.

"Ni wivu wa watu, Mama Jastin!" walisema.

"Ndiyo, jamani. Wivu wa watu," alijibu, huku anapangusa machozi.

Lakini machozi yalipokauka, wazo jingine lilimjia. Kama gari limekufa, si watanunua jingine? Jeupe?

Kasiani alikuwa ameanza kufagia vioo.

"Baba Jastin, hili limekwisha," Tusekile alisema. "Tusijisumbue."

"Fundi akisema limekufa, tutauza shamba la Ikinga tununue jingine," Kasiani alijibu. Alisema haraka, kama mtu aliyekwisha kulifikiria.

Saa mbili akaja fundi Ketrina. Alikuwa mama wa makamo, mwenye gereji yake karibu na soko.

"Poleni sana. Kwanza acheni kufagia," alisema. "Mmepiga picha?"

"Bado."

"Pigeni kila upande. Halafu Baba Jastin aende polisi akaripoti, apewe namba ya taarifa. Bima yenu ni ipi?"

"Ile ndogo," alisema Kasiani.

"Ile ndogo inamlipa mtu mliyemgonga. Gari lenu wenyewe hailipi. Lakini ripoti ni lazima, ili aliyefanya hivi akikamatwa muwe na ushahidi."

Kasiani alipiga picha, akaenda polisi. Ketrina alitandika turubai akaingia chini ya gari. Aligonga vyuma kwa bisibisi. Akatoka, akafungua boneti, akapima oili.

"Limekufa, fundi?" Tusekile aliuliza. Alijaribu kuficha hamu yake.

"Nani kasema? Vioo, taa na viti ni ngozi. Mifupa iko chini: chesisi, injini, gia boksi. Gari hili mifupa yake ni mizima. Chuma hakijaliwa na kutu. Gari kuukuu lililooza chini nakwambia uliache, hata kama juu linang'aa. Hili halijaoza."

"Lakini ni la zamani mno."

"Usiangalie umri, Mama Jastin. Orodhesha vitu vilivyoharibika. Uliza bei kwa mafundi wawili, wakuandikie. Jumla yake ilinganishe na thamani ya gari hili likiwa zima. Kama matengenezo yanaizidi, acha. Kama ni kidogo, tengeneza. Gari la jirani usiliingize kwenye hesabu."

Tusekile aliona aibu.

Ketrina alifika kwenye tangi la mafuta. Mfuniko ulikuwa umevunjwa. Aliingiza waya wenye kitambaa, akautoa. Kitambaa kilikuwa na mchanga.

"Mungu wangu! Umeliwasha leo?"

"Hapana."

"Usiwashe! Hata kidogo. Ukiwasha, pampu itavuta huu mchanga. Pampu itakufa, na mchanga ukipenya mbele hata injini itaumia. Hapo gharama itazidi thamani ya gari. Nitakuwa wa kwanza kukwambia uliache. Ngoja nikalete vyombo, tulishushe tangi tulioshe."

Ketrina akaondoka. Dakika chache baadaye Brenda alipita na gari jeupe, mumewe akiendesha. Alishusha kioo.

"Poleni sana, dada! Alhamisi tutakupeleka Vwawa. Magunia tu ndiyo hayataingia, yatachafua viti."

"Asante," Tusekile alisema. Moyo ulimwaka.

Aliingia kwenye Corolla. Alikalia kiti kilichochanwa, akachomeka ufunguo. Kuuzungusha mara moja tu. Nani angejua? Fundi angesema limekufa, shamba lingeuzwa, na Jumapili moja yeye pia angeshuka polepole mbele ya kanisa.

Vidole vilikaza. Kisha akauona mchanga kwenye kile kitambaa, pale chini. Mtu mwenye roho mbaya alikuja kuliua gari lake, akaishia njiani. Na sasa yeye mwenyewe, mwenye gari, alikuwa anataka kummalizia kazi. Akauchomoa ufunguo.

Ketrina aliporudi alimkuta amesimama nje.

"Fundi, shika ufunguo," Tusekile alisema. "Usinipe mpaka umalize. Hata nikikuomba."

Ketrina alimtazama, akautia mfukoni bila kuuliza.

Kazi ilichukua wiki mbili. Tangi lilioshwa. Vioo, taa na mlango vilitoka kwenye gari lililokatwa spea, kwa hiyo mlango mmoja sasa ni mwekundu. Gharama haikufika hata robo ya thamani ya gari. Aliyeliharibu bado hajajulikana.

Msimu wa kahawa ulipofika, Tusekile na Kasiani walikwenda Ikinga na Corolla. Wakiwa wanafunga magunia, Tusekile alishindwa kuvumilia.

"Baba Jastin, siku ile nilitaka kuwasha gari ili life. Kwa ajili ya Brenda."

Kasiani alikaa juu ya gunia.

"Na mimi niliomba fundi aseme limekufa," alisema. "Sebastian ni mdogo wangu. Kila Jumapili anaegesha pembeni yangu. Nilishamleta mtu hapa kuliona shamba, ili ninunue gari jipya, kabla hili letu halijaharibiwa."

"Mnunuzi? Alisemaje?"

"Alilipenda. Siku ile ya fundi, alikuwa anakuja jioni na hela. Nilimpigia simu asije, uliponiambia gari ni zima."

Tusekile aliitazama mibuni. Bado ilikuwa na matunda mekundu ya kuchuma wiki ijayo.