Kitabu Hakipimwi kwa Mkono

Kila Jumamosi asubuhi nilifungua ukumbi wa mikutano hapa Tabora mjini. Nilifagia, nikapanga mabenchi, kisha nikafungua sanduku la vitabu. Lilikuwa sanduku la mbao, nalo lililetwa kwa treni kila baada ya miezi mitatu. Ndani mlikuwa na vitabu hamsini. Kazi yangu ilikuwa kuwaazimisha watu vitabu hivyo.

Jina langu ni Mwanamkuu. Nilijifunza kusoma nikiwa tayari nina wajukuu. Kwa hiyo najua uchungu wa kusoma, na utamu wake pia naujua.

Raymundi alikuwa jirani yangu kule Ipuli. Kazi yake ilikuwa kununua nta ya nyuki katika ghala la ushirika, karibu na stesheni. Alikuwa mtu mwema. Halewi, hagombani na mtu, na misa ya Jumapili haimpiti. Lakini kwa habari ya vitabu, mtu huyu alinichosha mpaka nikatamani kuhama mtaa.

"Shikamoo, Bi Mwanamkuu," alisema siku moja.

"Marahaba, Baba Imakulata. Umekuja kumchukulia mtoto kitabu?"

"Ndiyo, mama. Nipe kizito."

"Kizito namna gani?"

"Kizito tu. Mtoto ana mtihani."

Akachukua kitabu kimoja kwa mkono wa kulia na kingine kwa mkono wa kushoto. Akavipandisha na kuvishusha. Kile chepesi akakirudisha sandukuni. Akachukua kingine, akapima tena. Mwisho akapata kinene kuliko vyote.

"Hiki," alisema.

"Raymundi! Hicho kinaeleza magonjwa ya ng'ombe. Ni cha mabwana mifugo."

"Vizuri. Kina maarifa."

"Mtoto ana miaka kumi!"

"Maarifa hayaulizi umri, mama," alinijibu. Akatia sahihi yake, akaenda zake. Hata jalada hakulifunua.

Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa mabua. Kwa hiyo yote ya kwao niliyasikia, nitake nisitake. Jioni ile nilimsikia Imakulata akisoma.

"Ma-ma-ra-dhi ya-na-yo-am... yanayoa... yanayoambu..."

"Rudia!" alisema baba yake.

"Yanayoambuki... Baba, maana yake nini?"

"Soma kwanza. Maana itakuja."

Maana haikuja. Kilichokuja ni kilio. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Mtoto alijifunza jambo moja tu, kwamba kitabu ni adhabu. Akikiona mkononi mwa baba yake, anakumbuka kwamba hajateka maji. Yule mtoto hajawahi kupenda kisima kama alivyokipenda mwaka ule!

Mwezi wa nane Mwalimu Apolinaria, aliyemfundisha Imakulata, alikuja Ipuli. Aliketi na wazazi uani, nami nilialikwa.

"Sitaki kuwaficha," alisema. "Hesabu anajua. Kuimba anajua. Kusoma bado. Mwishoni mwa mwaka nitampa ukurasa ambao hajawahi kuuona. Akishindwa kuusoma, hataingia darasa la tano."

Marcelina, mama wa mtoto, alishika kichwa. Raymundi akasema, "Akishindwa, basi. Sitamlipia mwaka mwingine wa kukaa tu. Atabaki nyumbani. Shamba la karanga linamngoja."

Imakulata alikuwa akipepeta mchele kando ya jiko. Ungo ukasimama. Nilimwona, na moyo uliniuma.

Jumamosi iliyofuata nilifanya hila, sitakataa. Nilimpa Imakulata mwenyewe kitabu chembamba, chenye herufi kubwa na picha. Kilisimulia habari za mbuzi aliyekula tiketi ya treni ya bwana wake. Yule bwana hana la kumwonyesha mkagua tiketi, basi anamwonyesha mbuzi.

Jioni nilisikia jambo geni ng'ambo ya ua. Imakulata anasoma, na hakuna aliyemlazimisha. Anakwama, anarudi nyuma, anaendelea. Halafu akacheka. Alicheka hasa, mpaka akapaliwa.

"Nini hicho?" Hiyo ilikuwa sauti ya Raymundi.

"Kitabu, baba."

"Kitabu kinachekwa? Lete hapa!"

Haukupita muda, Raymundi alikuwa mlangoni kwangu. Hakunipa hata shikamoo. Kitabu alikishika kwa vidole viwili.

"Bi Mwanamkuu, nakuheshimu kama mama yangu. Lakini mtoto nimemtuma kusoma, sikumtuma kucheka."

"Na akisoma huku anacheka, kosa liko wapi?"

"Kosa! Mimi nilisoma miaka minne kwa mapadri. Tulikaa wima, mikono juu ya magoti. Padri akiuliza, unajibu. Aliyecheka alitolewa nje. Ndiyo kusoma huko!"

Ndipo nilipoelewa. Wazee wa misheni wakisema "kusoma," wana maana yao. Kusoma ni mafundisho ya dini kabla ya ubatizo. Raymundi alilijua neno hilo kwa maana hiyo moja. Kwake kila kitabu ni mtoto wa katekisimu.

Nilikuwa nafungua mdomo, lakini Marcelina alikuwa amemfuata mumewe. Mkononi alikuwa na mwiko, na ugali ungali umeganda juu yake.

"Baba Imakulata," alisema, "wewe ulisoma ili ubatizwe. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Mtoto ameshabatizwa! Alibatizwa ana siku nane! Unamsomesha nini tena, apate ubatizo wa pili?"

Raymundi alikipimapima kile kitabu mkononi. Mimi niliangalia pembeni, maana kicheko kilinibana.

"Hata hivyo," alisema mwishowe, "kitabu chenyewe chepesi. Hakina kitu ndani."

"Umekifungua?" niliuliza.

"Sina haja. Nimekishika."

Jamani! Kumpigia mbuzi gitaa ni afadhali, huenda akatikisa sikio. Niliingia ndani nikafunga mlango. Hasira zilinipanda mpaka nikasahau maharagwe jikoni yakaungua.

Siku ya tatu nilikwenda ghalani kwake. Nilijisemea nataka nta kidogo ya kushonea. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumtafutia maneno.

Nilimkuta na mrina asali mmoja aitwaye Shilinde, aliyetoka mbali na bonge kubwa la nta. Raymundi aliliweka kwenye mizani. Lilikuwa zito kweli. Shilinde alifurahi.

"Andika basi, bwana," alisema.

"Ngoja, ndugu yangu," alisema Raymundi. Akachukua shoka dogo, akalipasua lile bonge katikati. Ndani palikuwa na mchanga na masega yaliyooza. Raymundi akatikisa kichwa. "Kaiyeyushe upya, uichuje. Hii siwezi kuipokea."

Shilinde alipoondoka, nilisogea.

"Mbona ulilipasua? Si lilikuwa zito?"

Raymundi alinitazama kama anayemtazama mtoto mdogo. "Mama, uzito hudanganya. Mchanga nao ni mzito. Nta lazima uipasue katikati, uone ndani, uinuse. Hata mjinga anajua."

"Hata mjinga," nilisema.

"Ndiyo."

"Na vitabu vya Imakulata umevipasua?"

Aliweka shoka chini. "Bi Mwanamkuu," alisema, "usinichanganyie nta na vitabu."

"Umeshavichanganya mwenyewe, mwanangu. Ila umechukua mizani ukaacha shoka."

Alikasirika. Alinifungia nta yangu, akanigeuzia mgongo. Nami nilikasirika, nikaondoka bila kumuaga. Njia nzima hadi Ipuli nilikuwa nasema peke yangu, na watu wakinipisha.

Lakini Jumamosi alikuja. Alikuja na Imakulata, na Marcelina nyuma yao.

"Shikamoo," alisema, huku akitazama sakafu. "Haya. Nionyeshe hiyo namna ya kupasua."

Sikumcheka. Nilitaka, lakini sikumcheka.

"Kwanza," nilisema, "wewe kaa kwenye benchi. Kitabu ni cha mtoto, na mtoto ndiye atakayechagua. Imakulata, angalia majalada. Kinachokuvutia kitoe."

Mtoto alimtazama baba yake. Baba akaitikia kwa kichwa. Imakulata akatoa vitabu vitatu. Kimoja kilikuwa cha fisi aliyejifanya mganga. Cha pili kilikuwa cha wapagazi wa zamani, waliobeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani. Cha tatu kilikuwa na picha nzuri ya nyota kwenye jalada.

"Sasa kifungue katikati, si mwanzoni," nilisema. "Mwanzo wa kitabu mara nyingi huwa rahisi, hukudanganya. Soma ukurasa mmoja kwa sauti. Kila neno litakalokushinda, kunja kidole kimoja."

Alianza na kile cha nyota. Kabla hajafika nusu ya ukurasa, vidole vyote vitano vilikuwa vimekunjwa.

"Kirudishe," nilisema. "Kitabu si kibaya, ila bado hakijawa chako. Mwakani utakijaribu tena."

"Kwani asikazane?" Raymundi aliuliza.

"Mtu anayekanyaga mwiba kila hatua atafika wapi? Akikwama mara moja, mara mbili, ni sawa. Hapo anajifunza. Akikwama mara tano katika ukurasa mmoja, habari yote inampotea."

Kile cha fisi alikunja vidole viwili. Alipofika mahali fisi anamwambia mgonjwa atapona mganga akila mbuzi wake wote, Imakulata akacheka, halafu akaziba mdomo haraka na kumtazama baba yake.

Marcelina alimwangalia mumewe kwa jicho kali. Raymundi akakohoa. "Endelea," alisema. "Mgonjwa aliikubali hiyo dawa?"

"Unaona?" nilimwambia. "Anacheka kwa sababu ameelewa. Kama asingeelewa, angecheka nini? Uliposikia kicheko chake, ulikuwa unasikia kusoma."

Kile cha wapagazi alikunja vidole vitatu. Akasema anakitaka, kwa sababu babu yake alikuwa mpagazi. Nikawaazimisha vyote viwili.

"Na kama kimoja kitamchosha?" aliuliza Marcelina.

"Akiache, alete hapa, achukue kingine. Mimi mwenyewe nilipoanza nilipewa kitabu cha kuhifadhi udongo. Nilikaa nacho miezi miwili nikidhani mimi ni mpumbavu. Nilipopewa hadithi, nilisoma mpaka taa ikaisha mafuta. Na wewe, Baba Imakulata, kaa naye kila jioni. Usimfokee 'Rudia!' Msikilize. Kisha muulize, 'Halafu ikawaje?' Ni hayo tu."

Msidhani mambo yalinyooka siku ile ile. Sikio la Raymundi lilikuwa zito bado. Juma la kwanza nilimsikia ng'ambo ya ua akisema, "Kaa wima!" Marcelina akamjibu, "Fisi hajali!" Juma la pili Raymundi alitaka Imakulata asome kurasa kumi kabla ya kula. Nilipiga kelele kutoka kwangu, "Raymundi! Kitabu si karo ya ugali!" Mtoto akala kwanza. Juma la tatu sikusikia ugomvi. Nilisikia, "Halafu ikawaje?" Mwezi wa kumi walimaliza kile cha wapagazi, na Raymundi akaja kuuliza kama kuna kingine cha safari. Alikifungua katikati mwenyewe. Akampa mtoto asome. Akahesabu vidole.

Mwisho wa mwaka siku ya mtihani ikafika. Watoto waliingia mmoja mmoja kwa Mwalimu Apolinaria. Wazazi walikaa nje, chini ya dirisha, nami nikiwa nao. Raymundi alikuwa ameomba ruhusa ghalani. Alikuwa akikunja vidole na kuvikunjua, hata kabla mtoto hajaitwa.

"Imakulata Raymundi," tuliisikia sauti ya mwalimu. "Chukua hiki. Fungua ukurasa wa kumi na mbili. Soma."

Ilikuwa habari ya mjane aliyesikia mtu akigonga kutoka ndani ya mtungi wake wa maji. Imakulata alianza polepole. Neno moja lilimkwamisha. Raymundi akakunja kidole. Mtoto akarudi nyuma, akalipata, akaendelea. Sauti yake ikapanda. Mjane anaita majirani, hakuna anayekuja. Kugonga kunazidi. Mjane anachukua mchi. Anasogea. Anashika kifuniko.

"Basi," alisema Mwalimu Apolinaria. "Imetosha. Umesoma vizuri sana. Darasa la tano utaingia."

Marcelina alinikumbatia mpaka kitambaa changu kikaanguka. Lakini ndani mtoto hakuinuka.

"Mwalimu," alisema, "bado hajafunua mtungi."

"Nimesema imetosha, Imakulata. Wenzako wanangoja."

Hapo Raymundi alisimama. Alishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili, akaingiza kichwa ndani, mbele ya mwalimu na wazazi wote.

"Mwalimu, samahani sana," alisema, na alikuwa amekasirika kweli. "Huwezi kumkatiza mtoto hapo! Mwache afunue!"