MAMA AMEPOTEA, WATU WANASEMA "LETE SEHEMU YA PILI"

"Toka nje! Toka nje wewe fisi, toka sasa hivi!"

Huyo ni Filomena, jirani yangu, tunamwita Mama Fredi. Anapiga mlango wa Tusa kwa viganja vyote viwili mpaka bawaba zinalia.

Mie nilikuwa kibarazani nakata mchicha. Kisu nikakiacha humohumo kwenye ungo, nikatoka mbio. Nyie mnanijua, ugomvi wa uwanja huu wa nyumba yetu haupiti mlangoni kwangu bila kunisalimia.

Mlango ukafunguka. Tusa akatokea, simu mkononi, waya wa chaja unaning'inia.

"Mama Fredi, kuna nini?"

"Unaniuliza kuna nini? Mama yangu mzazi hajulikani alipo tangu asubuhi! Nimelia kwenye grupu, nimeomba msaada... na wewe unakuja kuniwekea tangazo la simulizi yako chini ya machozi yangu?!"

"Umeifungua?"

"Nifungue nini?"

"Ile linki. Fungua kwanza, usome ndo..."

"Eti nisome! Jamani mmesikia? Mama yangu kapotea, huyu anataka nikae nimsomee simulizi!"

"Mama Fredi, nisikilize basi..."

Nani amsikilize? Pale bombani kulikuwa na beseni la maji ya vyombo. Maji meusi ya masufuria, povu limeshakufa, vichwa vya dagaa vinaelea. Filomena alilinyanyua kama anataka kummwagia jini...

Mwaaa! Lote kichwani kwa Tusa!

Kichwa cha dagaa kimenasa kwenye rasta za mtu, na hakuna aliyecheka. Hata mie, ambaye hucheka mpaka msibani.

Tusa alijipangusa uso, akaifuta simu kwenye khanga, akaangalia kama bado inawaka. Akarudi ndani. Komeo likalia.

"Fisi!" Filomena akamalizia. Kisha akakaa chini kwenye tope lilelile, akalia kama mtoto.

Sasa wasomaji wangu, vuteni viti niwaeleze tulifikaje hapo.

Mama yake Filomena anaitwa Bibi Clara. Katoka Newala, kaletwa hapa kwetu Segerea baada ya kuanza kusahau. Bibi mcheshi huyo, ana chale za kwao mashavuni, akicheka zinacheka naye. Leo anakujua mpaka na mumeo, kesho anakuuliza wewe binti wa nani. Kwa hiyo geti letu huwa halikai wazi.

Siku hiyo mleta maji wa toroli alipotoka hakulirudishia. Tunakuja kushtuka, kitanda cha bibi kitupu!

Tulitafuta. Kanisani, sokoni, kwa mjumbe. Polisi tuliandikisha. Hakuna.

Ndipo Filomena akakumbuka grupu. Sie wanawake watatu wa uwanja huu, yeye, mie na Tusa, wote tuko kwenye grupu moja la simulizi huko Facebook, linaitwa Kijiwe cha Arosto, yaani ile hamu ya kujua kinachofuata. Watu kibao mle, na wengi ni wa pande zetu hizi. Akaandika harakaharaka, hata picha hakuweka:

"Mama yangu ametoka nyumbani Segerea asubuhi hajarudi. Amevaa kitenge cha njano na kandambili zisizofanana. Ana chale usoni. Anasahau. Jamani nakufa, nisaidieni."

Sasa mle Kijiweni kuna desturi. Huruhusiwi kutangaza simulizi yako mpaka uwe umetia neno kwenye za wenzako. Ukija na linki yako kavukavu, admini anakufuta. Ni sheria nzuri, si ndio? Tusomane, tutiane moyo.

Lakini binadamu!

Watu wametunza sifa kwenye simu zao kama vile akiba ya unga. Wanapita posti moja baada ya nyingine, wanabandika, wanasonga. Kusoma? Wanadonoa neno mojamoja tu!

Basi komenti zikaanza kushuka kwenye posti ya Filomena. Tukazikimbilia tukijua bibi kaonekana...

"Mwanzo una moto! Nimekaa siti ya mbele."

"Kandambili zisizofanana, duh! Unajua kumjenga mhusika. Hongera mwandishi."

"Tafadhali usimuue bibi mapema."

"Lete sehemu ya pili, unatuacha na arosto!"

"Chale usoni? Mchawi huyo. Mwisho nishaujua."

Mchawi! Bibi Clara wa watu, ambaye akikosa mtoto wa kumbeba anabeba paka!

Filomena akajibu, "SIYO SIMULIZI! NI MAMA YANGU KWELI!"

Mtu akamjibu nini?

"Hahaha, mwandishi kaingia kwenye uhusika mpaka kwenye komenti. Kipaji hicho."

Kipaji, jamani!

Mara akaja admini mwenyewe, kaka mmoja anaitwa Gaudens, anajiona kama mkuu wa wilaya. Nikasema afadhali, mwenye akili kafika.

"Dada Filomena, sheria za Kijiwe zinajulikana. Juu ya posti andika jina la simulizi na ni sehemu ya ngapi. Usiporekebisha, nashusha."

Nashusha! Mtu analilia mama yake, yeye anadai jina la simulizi!

Na wenye biashara hawakuchelewa. "Kazi nzuri dada. Karibuni na kwangu msome Nilivyomfumania Mama Mkwe na Fundi Bomba." Mwingine naye akaweka ya kwake. Posti ya Filomena ikageuka kuwa gulio, kila mtu anatandika chake juu ya kidonda cha mwenzie.

Na katikati ya gulio hilo... Tusa!

"SEHEMU YA MWISHO imeshuka! Utatetemeka! Fungua linki hii haraka uje ukurasani kwangu."

Tusa, anayeishi mlango wa pili! Aliyekuwa akisukwa rasta huku bibi huyohuyo kakaa pembeni anampigia hadithi!

Kushangaa tulishangaa, ila si sana. Tusajigwe wetu huyu ana jina kwa mchezo huo. Ana ukurasa wenye wafuasi wengi, na kawapata kwa kubandika linki popote penye watu. Kuna mwaka niliweka picha ya mwanangu Brightson siku ya ubarikio wake kanisani, komenti ya kwanza, linki ya Tusa.

Kwa hiyo Filomena aliporudi kutoka kutafuta kule stendi, kachoka, hana sauti, akaikuta hiyo kitu... ya beseni mnayajua.

Tuendelee.

Nilimnyanyua kwenye tope, nikamkalisha kibarazani kwangu.

"Mama Bright," akaniambia, "mama hajanywa hata chai. Amelala na njaa mahali."

"Hajalala, mdogo wangu. Anatembea tu."

"Unasema tu."

Kweli nilikuwa nasema tu.

Mara simu yake ikaita. Namba ngeni. Akaipokea, nyuma zinasikika sauti za watu wanaimba.

"Haloo, samahani. Wewe ndiye mtoto wa Bibi Clara?"

Nikampokonya simu.

"Ndiye huyu! Wewe nani?"

"Naitwa Noela, niko Kinyerezi kwenye msiba. Bibi yenu huyu hapa, tumekaa naye mkeka mmoja."

Sijui bajaji tuliipataje. Najua tu tulifika.

Turubai limefungwa, kinamama wamejaa mikekani. Na pale katikati, kitenge cha njano, miguu kainyoosha, ungo mapajani... Bibi Clara! Anachambua mchele wa wafiwa na anaongoza wimbo!

Sikilizeni. Msibani nani anamuuliza bibi kizee "wewe ni nani"? Alipita njiani akasikia kilio, akaingia kulia na wenzake kama walivyo watu wa zamani. Upande wa marehemu wakadhani ni bibi wa mjane. Upande wa mjane wakadhani ni shangazi wa marehemu. Wamempa chai, wamempa mto. Watu walikuwa wanainama kumpa pole!

Filomena akaanguka magotini. "Mamaaa!"

"Punguza sauti, mwanangu," bibi akamwambia. "Wenzio wamefiwa."

Kinamama mkeka mzima wakafunika midomo na khanga. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi na machozi.

Baadaye Filomena akamshika Noela mikono.

"Dada, Mungu akubariki. Umeona posti yangu kule Kijiweni?"

Noela akaangalia chini.

"Niliiona. Nisikufiche... nilipita nikabandika hongera. Nilikuwa na yangu nataka kuitangaza."

"Sasa ulijuaje?"

"Chini yake kulikuwa na linki ya yule dada, Tusa. Kukaa hapa kulikuwa kumenichosha, nikasema ngoja nisome. Nikafungua."

Akatupa simu tuangalie.

Picha kubwa ya Bibi Clara, ile ya Pasaka, kashika kikombe anacheka. Namba ya Filomena. Na maneno haya:

"Leo hakuna simulizi, nimewadanganya. Huyu ni Bibi Clara, mama wa jirani yangu, na amepotea kweli. Ningewaambia njooni tumtafute bibi msingekuja, nawajua, ndiyo maana nimewaita kwa lugha yenu. Kama uko Segerea, Kinyerezi, Tabata mpaka Gongo la Mboto, inua macho kwenye simu sasa hivi. Mtazame aliyekaa karibu yako."

"Nikainua macho," Noela akasema. "Alikuwa ananipa ungo nimshikie."

Filomena alimrudishia Noela simu yake.

"Mama Bright... alikuwa ananiambia nifungue."

"Alikuambia."

"Wewe ulifungua?"

Nikatikisa kichwa. Uwanja mzima ule, wote tuna simu, wote tuna midomo. Hakuna aliyefungua.

Tuliporudi nyumbani niliandika Kijiweni kwa niaba yake: "Bibi amepatikana, ni mzima, asanteni." Unajua komenti ya kwanza ilisemaje?

"Mwisho mzuri ila umeuharakisha. Hongera mwandishi."

Nikazima simu. Nikaenda kunawa mikono, na haikuwa na kitu.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nawaomba. Mwenzio akiweka neno lake, lisome. Huna muda? Pita kimyakimya, hakuna atakayekudai. Sifa ya kitu ambacho hujakisoma ni dharau, hata uipambe vipi. Na kama una chako cha kutangaza, kitangaze kwako, au penye ruhusa. Usitandike biashara juu ya kilio cha mtu.

Lakini na sie wa uwanja huu tusijikoshe. Wale walisifia bila kusoma. Sie tulimwaga maji machafu bila kusoma. Hebu niambieni, tofauti yetu iko wapi?

Jioni Filomena alisimama mlangoni kwa Tusa. Alibisha kwa kidole kimoja. Mie nilikuwa nyuma yake, nikijifanya naanua nguo zangu ambazo bado mbichi.

Tusa akafungua.

"Bibi kapatikana?" Ndilo neno lake la kwanza.

"Kapatikana."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

"Namshukuru Mungu." Akataka kufunga.

Filomena akauweka mguu mlangoni. "Dada Tusa, nimekukosea. Sina hata mdomo wa kukuomba..."

"Maji yanakauka, Mama Fredi. Umeniita fisi mbele za watu."

"Nilikuita."

"Na linki zangu zinawakera, najua. Lakini fisi?"



Pazia la chumba cha Filomena likasogea. Bibi Clara akatoa kichwa, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

"We Filomena! Mtu umemsimamisha nje hivyo, unazungumza naye kama mdai? Nimekulea wapi wewe?" Akamgeukia Tusa. "Na wewe binti, wa nani?"

"Shikamoo bibi. Naitwa Tusajigwe. Ni jirani, naishi mlango wa pili."

"Marahaba. Jirani gani anakula peke yake? Ugali wa muhogo nimeshausonga, kisamvu kipo. Vua viatu, ingia tule."