Nani Amefua Mkanda wa Mwalimu?

Treni ya Tabora ilipoingia Mpanda, stesheni ilifurika hata pa kukanyaga pakawa pa kutafuta. Bodaboda wanagombania abiria, wapagazi wanapigana vikumbo, mama mmoja anawaita watoto wake kwa Kisukuma, na harufu ya mihogo ya kukaanga imetawala kote. Katikati ya vurugu hiyo Generosa alikuwa anasubiri jora lake la kitambaa cheupe. Alikuwa fundi cherehani pale sokoni, kwenye baraza ya duka la Mama Bushra, na siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe, kiuno kimekaa, mabega yamejaa kidogo, na rozari ndogo shingoni. Alikuwa mzuri na alijua, ila hakutangaza.

Jora likashushwa. Akainama kulishika, macho yake yakaangukia miguu ya mtu. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili ya bluu, mwingine nyekundu, na kandambili zote mbili zilikuwa za kushoto.

Akapandisha macho polepole. Suruali nyeusi imenyooshwa kwa pasi. Shati jeupe. Mabega ya mtu wa kazi, na uso wa mwanaume asiyejua aangalie wapi.

"Kaka, pole," alisema Generosa. "Ulivaa gizani?"

"Hapana, dada. Nimeibiwa viatu."

"Wapi tena?"

"Ukumbini. Tulikuwa mazoezini."

"Mazoezi ya nini?"

Kijana akashusha sauti kama mtu anayeungama. "Karate."

Generosa alijitahidi kuzuia kicheko, kikamshinda. "Yesu wangu! Watu wa karate mnaibiwa viatu? Na mwalimu wenu alikuwa wapi?"

"Mwalimu ndiyo mimi."

Hapo jora likamponyoka. Kijana akalidaka kabla halijagusa vumbi, akalitupia begani kama mtu anayebeba mto wa kulalia. Jina lake Hilari, alikuja kupokea glovu za wanafunzi wake. Alilibeba lile jora mpaka sokoni, kandambili zinampeleka upande, watu wanacheka, naye hakuona aibu. Generosa alilitazama hilo kuliko alivyoyatazama mabega. Mwanaume anayeweza kuchekwa njia nzima na bado akawasalimia wakubwa kwa heshima, huyo ana kitu ndani.

Kabla hajaondoka, Hilari alimwomba awashonee wanafunzi wake suti nyeupe za karate. Akaomba na namba ya simu, kwa ajili ya vipimo, alisema.

Vipimo gani hivyo vya kupigiwa simu kila jioni!

"Haloo, fundi wangu. Umekula?"

"Nimekula, Mwalimu Peku. Leo umerudi na viatu?"

"Nimerudi navyo. Leo wamechukua vya mwanafunzi."

"Maskini. Siku moja watakuiba wewe mwenyewe."

"Wamechelewa. Nimeshaibiwa."

"Na nani?"

"Kuna mtu mmoja anakaa na cherehani sokoni."

"Mshitaki."

"Nitamshitaki kwa mama yake, huko Litapunga."

Generosa akakata simu akiwa anajichekea, na Mama Bushra, aliyekuwa anakunja vitenge dukani, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hizo suti zitakwisha lini? Maana vipimo naona vinaongezeka tu."

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la tumbaku kule Kawajense. Generosa alipokwenda kupima wanafunzi, alikaa kwenye benchi akaangalia. Viatu, mikoba na simu zote ziliachwa mlangoni, kwenye mkeka. Kisha wote wakapiga magoti kuelekea ukutani, Hilari mbele yao, wakafumba macho. Kimya kikatanda mpaka Hilari alipopiga makofi. Kijana mmoja mwembamba alikuwa amebaki peke yake mlangoni, amepiga magoti, kichwa chini.

Mazoezi yalipokwisha, Generosa akauliza, "Mbona mnafumba macho wote?"

"Ndiyo desturi. Mwanzo na mwisho tunatuliza roho. Hakuna kugeuka mpaka nipige makofi."

"Na vitu vyenu viko nyuma."

"Viko nyuma."

"Na yule aliyekuwa mlangoni?"

"Melkior? Alichelewa. Anayechelewa anapiga magoti palepale mpaka nimkaribishe. Anatoka Kabungu na baiskeli, kila siku anachelewa, kila siku anapiga magoti bila kunung'unika. Hakuna mnyenyekevu kama yule hapa."

"Weka mtu mlangoni, Hilari."

"Nikiweka mlinzi nitakuwa nimewaambia wanafunzi wangu kwamba wao ni wezi. Mtu anayemwinamia mwenzake hamwibii."

"Yuda naye alibusu."

Hilari akacheka. Generosa hakucheka.

"Mimi nasali," alisema, "na nikisali nafumba macho. Lakini mkoba wangu naupakata. Bwana alisema kesheni na kuomba. Hakusema fumbeni na kuomba."

"Haya, mhubiri wangu. Nimesikia."

Alisikia, ila hakushika. Wezi wakaendelea. Zikaondoka simu, likaondoka spika, ikaondoka betri ya sola. Wazazi wakaanza kuwakataza watoto. Mwenye ghala akaja mwenyewe na kusema kwamba kukiibiwa tena, anachukua funguo zake na kuweka mahindi humo, maana mahindi hayamletei kesi.

Penzi lao lilikuwa linakua katikati ya shida hizo, kama mche wa mpunga ndani ya maji. Jumapili walitoka pamoja kanisani, Generosa na mwavuli, Hilari na shati alilomshonea. Watu walishaanza kumwita Generosa shemeji. Hilari akasema mtihani wa wanafunzi ukishapita, wakubwa wa karate kutoka Sumbawanga wakishaona kazi yake, atapeleka mtu mzima Litapunga kubisha hodi.

Sasa Generosa, kwa mapenzi tu, akafanya kosa. Siku moja kabla ya mtihani alipeleka suti ukumbini asubuhi, kabla mtu yeyote hajafika isipokuwa mfagiaji. Kwenye msumari ulining'inia mkanda mweusi wa Hilari. Akaushika. Umechakaa, nyuzi zimefumuka, jasho la miaka limeganda mpaka mkanda umekuwa mgumu kama mkia wa ng'ombe. Akajisemea moyoni: mume wangu mtarajiwa asimame mbele za wageni na kitu hiki? Akaukunja, akautia kwenye mkoba. Atamrudishia kesho ukiwa safi, amshangaze.

Hakuna aliyemwambia kwamba mkanda ule haufuliwi. Watu wa karate wanaamini ukiufua umefua na miaka yako yote ya kujifunza. Na hakujua kwamba jioni ileile, wakati wa kufumba macho, simu tatu zitaondoka kwenye mkeka.

Asubuhi ya mtihani alikuwa kwenye cherehani yake aliposikia kelele. Kundi la wanafunzi lilikuwa linakuja katikati ya meza za dagaa na nyanya, Melkior mbele, Hilari nyuma yake, uso umekauka.

"Si nilikwambia, mwalimu!" Melkior alipaza sauti. "Tazama mwenyewe! Unaning'inia pale!"

Mkanda ulikuwa kwenye kamba ya baraza, unachuruzika maji, harufu ya sabuni ya mche inasikika. Nyuzi zote zimeshonwa upya. Ulikuwa mweusi kama jana yake tu umetoka dukani.

Hilari akausogelea kama mtu anayesogelea maiti. "Generosa. Umeufua?"

"Nimeufua. Ulikuwa mchafu. Nilitaka..."

"Umeufua," alirudia, na soko lote likanyamaza kusikiliza. Wauza nyanya wakasimama juu ya vigoda. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwizi ni fundi kumbe!" Mwingine akasema, "Anaingia kupima, anapima na simu!"

Generosa alimtazama Hilari tu. Maneno ya watu ni upepo, yanapita. Alikuwa anasubiri neno moja kutoka kwa mtu mmoja.

Hilari akamgeukia. "Na zile simu, Gene? Unazo?"

Mguu wa Generosa ulitoka kwenye pedali, cherehani ikanyamaza. Hakulia. Alisimama, akautoa mkanda kwenye kamba, akaukamua vizuri, akaukunja, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua mkanda wako, mwalimu. Mtihani unakungoja."

Mtihani ulipita, na mwenye ghala akampa Hilari siku chache za mwisho, lakini kwa Generosa siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mama mmoja alikuja kuchukua kitenge chake ambacho hakijashonwa, akasema safari imeingiliana. Wa pili akamtuma jirani. Fundi wa nguo anaishi kwa jina. Watu wanamwachia vitambaa vyao vya harusi na vya msiba bila kuandikiana, na jina likishaingia doa, cherehani inabaki chuma tu. Generosa aliendelea kuja barazani kila asubuhi, anafuta mashine, anakaa. Akisali, alisali kwa maneno machache. Simu ya Hilari ilipoita, aliigeuza kifudifudi.

"Pokea, mwanangu," alisema Mama Bushra.

"Aliniuliza simu, mama. Kama angeniuliza kwa nini nimefua, ningejibu mpaka jioni."

"Binadamu huyo. Alishtuka."

"Mimi nilipomkuta na kandambili mbili za kushoto sikumuuliza kama kaziiba."

Mama Bushra akaenda kumletea chai.

Siku hiyo jua lilikuwa limeanza kulegea Mama Bushra aliporudi kutoka Kawajense anatweta, mtandio umemwanguka mabegani.

"Amekamatwa! Gene, wamemkamata!"

"Nani?"

"Yule mnyenyekevu! Melkior! Ngoja nipumue kwanza. Wamepiga magoti kama kawaida yao, wote macho kufumba. Safari hii mwalimu wako hakufumba. Nasikia aliwageuzia uso, akakaa kimya, macho kodo. Akamwona Melkior pale mlangoni kichwa chini, mkono unatembea peke yake kama panya. Simu inaingia kwenye suti. Mwalimu hajapiga kelele, kapiga makofi tu. Watu wamefumbua macho, mkono bado uko ndani!"

"Wamempiga?"

"Walitaka. Hilari alisimama mlangoni akasema atakayemgusa aanze na yeye. Wamempeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, polisi wakaja kumchukua. Vitu vingine wamevikuta kwao Kabungu. Haya, mwanangu, umesafika!"

Generosa akauliza, "Nani amesema nimesafika?"

"Si kila mtu anajua!"

"Na kila mtu alijua mimi ni mwizi, mama. Kujua kwao nimeshakuona."

Simu ikaita. Safari hii aliipokea.

"Gene." Sauti ya Hilari ilikuwa chini. "Nilifumbua macho. Ulivyosema."

"Nimesikia. Hongera."

"Nisamehe, mpenzi wangu. Sijalala vizuri tangu siku ile. Hata mkanda siuvai."

"Kwa nini? Nasikia eti nimefua na miaka yako?"

"Hapana. Nikiushika nanusa sabuni, nakukumbuka."

Moyo wa Generosa uligeuka, lakini sauti haikugeuka. "Hilari, uliniuliza wapi?"

"Sokoni."

"Mbele ya nani?"

Hilari akajibu, "Mbele ya watu wote."

"Na msamaha unaniletea sikioni, kama umbeya?"

Hilari hakujitetea. "Nimeelewa," alisema, akakata.

Kesho yake soko lilikuwa limejaa, watu wa Nsimbo wameleta mchele, wauza mitumba wanaita. Mara watoto wakaanza kukimbia. Kwa njia ya Kawajense walikuwa wanakuja wanafunzi wote wa karate, wakubwa kwa wadogo, mstari mmoja, suti nyeupe alizoshona Generosa zinang'aa juani, miguu peku kwenye vumbi. Mbele yao Hilari, kiunoni amefunga mkanda ule mweusi, safi.

Wakafika barazani wakasimama. Wauza nyanya wakapanda tena vigoda vyao.

"Ndugu zangu," alisema Hilari, akaligeukia soko. "Siku ile nilisimama hapa nikamuuliza huyu dada kama ana simu za watu. Mwizi nilikuwa naye mwenyewe ukumbini, namsifia. Huyu aliniambia nifumbue macho, nikamcheka. Aliuchukua mkanda wangu kunisitiri mbele za wageni, nami nikamvua nguo mbele yenu. Generosa si mwizi. Aliyemwondolea kitambaa chake, amrudishie. Mwizi wa jina lake ni mimi."

Akapiga magoti. Nyuma yake wote wakapiga magoti, wakainama mpaka chini kwa pamoja, pale kwenye vumbi la sokoni. Hakuna hata mmoja aliyefumba macho.

"Fundi," mwanamke mmoja akasema kwa aibu, "kile kitenge changu, nakileta mchana."

"Inuka, Hilari," alisema Generosa. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtiririka, hakuyafuta. "Hiyo suti nani ataifua?"

"Sijamaliza," alisema Hilari, bado kwenye magoti. "Nina swali lingine, na hili pia ni mbele ya watu. Utakubali niwe mume wako?"

Soko likalipuka. Vigelegele vya Mama Bushra vilisikika mpaka kwenye mabasi. "Mjibu, mwanangu, magoti yanamuuma!"

Generosa alichukua simu yake mezani, akabonyeza, akaiweka sikioni. Watu wakanyamaza.

"Mama, shikamoo. Ndiyo, mimi. Mama, kuna mtu anataka kuja huko Litapunga. Ndiyo, huyohuyo wa karate."

Upande wa pili mama yake alisema kitu kirefu, na Hilari aliinama zaidi, maana sauti yenyewe ilikuwa kali.

"Ndiyo, mama, ndiye aliyeniita mwizi." Akamtazama Hilari. "Na ndiye aliyesema si mwizi. Hapana, siyo kwa simu. Mbele ya soko zima. Kapiga magoti, hata sasa yupo chini."

Hata wauza mitumba walikuwa wameacha kuita.

"Eti nini, mama? Haya. Asante, mama."

Akashusha simu.

"Amesema uje na mtu mzima wa kuongea," alisema, "na uje na njaa."