Pua ya Kasiva

Kila Jumamosi, maji yalipofika katika ploti yao mtaani Baba Dogo, Mbinya alijaza mitungi, kisha akapanda na beseni la nguo hadi juu ya paa, mahali ambapo wapangaji wote walianika. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa gredi ya saba, na hakuna kilichopita mbele ya macho yake bila yeye kukiona. Mama yake alizoea kusema, "Huyu ataona sindano ikianguka mtaa wa pili."

Jumamosi hiyo Mbinya hakuimba akifua. Dada yake, Kasiva, alikuwa amelala chumbani huku pua imevimba na kumuuma hata akimeza chai. Kasiva alikuwa mtu mzima, ameajiriwa katika duka la vitambaa. Miezi miwili iliyopita alikuwa ametogwa pua na Norah, jirani mwenye chumba cha kazi pale chini karibu na lango. Kwa muda wote huo pua ilikuwa sawa. Kisha wiki hii ikaanza kuwasha, ikavimba, ikatoa usaha.

"Ni sindano ya Norah," Mama alikuwa amesema asubuhi, akisonga ugali kwa hasira. "Nani ajuaye imetoga watu wangapi?"

Maneno hayo yalimwingia Mbinya kama mwiba. Alikumbuka mambo aliyoyaona kwa Norah. Kwa nini alishusha pazia kila mteja alipoingia? Na lile sanduku la manjano? Zaidi ya mara moja Mbinya alikuwa amemwona Norah akitoka na sanduku hilo, akiwa amelifunika kwa leso, akitazama huku na huku kabla ya kuvuka barabara. Mtu asiye na la kuficha hutembea hivyo?

Alipokuwa akiteka maji alikutana na rafiki yake, Mitchelle.

"Niaje, Mbinya? Siz yako amepoa?"

"Bado," Mbinya alijibu, kisha akashusha sauti. "Nadhani Norah anatumia sindano chafu. Ana sanduku la kuficha vitu. Nimeliona."

Mitchelle alitoa macho. Mama yake aliuza sukuma wiki langoni, na jambo likifika langoni limefika ploti nzima. Kabla jua halijafika utosini, Mbinya aliwaona kutoka juu ya paa wasichana wawili waliokuwa wakielekea kwa Norah. Mama Mitchelle aliwaita, akawanong'oneza. Waligeuka, wakaenda zao. Norah alisimama mlangoni akiwatazama wakiondoka, asijue amewakosea nini.

Mbinya aliinama tena kwenye beseni. Alichukua foronya ya Kasiva, akaigeuza ili aisugue, mkono ukasita. Kitambaa kilikuwa na doa la kijani, dogo, kando ya doa la usaha.

Kijani kimetoka wapi? Alisugua, doa likagoma. Alijaribu kukumbuka kipini alichovishwa Kasiva siku ile ya kutogwa. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, cha rangi ya fedha. Kisha akakumbuka jambo jingine. Tangu juzi, kila mtu alipoingia chumbani, Kasiva alijifunika pua kwa kitambaa upesi upesi. Walidhani anaficha uvimbe. Lakini uvimbe ulionekana hata nje ya kitambaa.

Mbinya aliacha nguo, akashuka ngazi.

"Kasiva, toa hicho kitambaa nione."

"Niache nilale."

"Foronya yako ina kijani. Kimetoka wapi?"

Kasiva aliinuka, akaketi kitandani. Kisha, polepole, akashusha mkono. Puani hapakuwa na punje ya mtama. Palikuwa na pete pana ya rangi ya dhahabu, imebana nyama iliyovimba, na upande mmoja rangi ilikuwa imebambuka.

"Hicho si kipini cha Norah!"

"Usipige kelele!" Kasiva alimshika mkono, machozi yakimlengalenga. "Nilikibadilisha kwa sababu ya harusi ya binamu yetu inayokuja. Kile kidogo hakingeonekana kwenye picha. Mwenye kibanda cha mapambo nilikoinunua aliniapia kwamba hii ni dhahabu. Norah alikuwa amenionya nisiguse chochote hadi kidonda kipone kabisa, miezi mingi. Niliisukuma kwa nguvu, hata mikono sikunawa. Halafu ikanaswa na taulo, nikaona nyota."

"Na umewaacha watu wamseme Norah?"

"Niliona aibu. Tafadhali, usimwambie Mama. Nitaitoa nikipata nafuu."

Mbinya alitoka akiwa hajaahidi kitu. Alimpenda dada yake. Lakini alipofika kwenye kibaraza alimwona Mama pale chini, ameshika kiuno, pamoja na msimamizi wa ploti na Mama Mitchelle. Wote watatu walikuwa mbele ya mlango wa Norah.

"Huyu aondoke leo!" Mama alikuwa akisema. "Ameharibu mtoto wangu, kesho ataharibu wa nani?"

"Mama Kasiva, mimi nilimtoga vizuri," Norah alisema. "Ningeomba tu nimwone."

"Na lile sanduku unalolificha?" Mama Mitchelle aliuliza.

Mbinya alishuka ngazi mbio.

"Mama, si yeye! Kasiva alibadilisha kipini mwenyewe. Amevaa pete aliyonunua kibandani, na inatoa kijani. Ya sanduku nilianza mimi kusema, lakini sijui lina nini. Sikuuliza."

Mama alimtazama binti yake, kisha Norah, na bado shaka ilikuwa usoni pake.

Norah alifunga mlango wake kwa kufuli. "Pua kwanza, maneno baadaye," alisema. "Mleteni Kasiva twende zahanati."

Zahanati haikuwa mbali. Daktari Opicho, mtu mpole mwenye miwani, alipomwona Norah akiingia alitabasamu. "Leo umekuja bila sanduku lako?"

Mama alishtuka. "Unalijua hilo sanduku, Daktari?"

"Vizuri sana. Ni la sindano zilizotumika. Norah hufungua sindano mpya mbele ya mteja, akishaitumia huitupa humo, kisha hutuletea tukaziteketeze. Wangapi mtaani hufanya hivyo?"

"Mimi hulifunika kwa sababu watoto hulifuata wakidhani ni mchezo," Norah alisema. "Na pazia ni la kuzuia vumbi la barabarani."

Mama aliinamisha kichwa.

Daktari aliitoa pete taratibu, akaishika kwenye mwanga. "Hii imepakwa dhahabu juu tu. Ndani ni shaba na nikeli. Shaba ndiyo imetoa kijani. Nikeli huwasha ngozi za watu wengi, na mikono michafu ikaleta usaha. Tena imekubana, pua haikupata nafasi ya kuvimba na kunywea. Nitakupa dawa, lakini tundu likiziba sasa litafungia usaha ndani. Linahitaji kipini salama."

Norah alikimbia kuleta kimoja, kikiwa ndani ya pakiti ambayo haijafunguliwa. Kilikuwa cha titani, madini yasiyowasha ngozi, laini, bila ncha wala pambo la kunasa nguo. "Ukitaka dhahabu siku moja, iwe halisi, na uwe umepona," alimwambia Kasiva. "Kwa sasa safisha kwa maji ya chumvi kama nilivyokuelekeza, na usikizungushe."

"Nisamehe, Norah," Kasiva alisema, akilia sasa bila kujificha. "Niliona watu wakikusema, nikanyamaza."

Walirudi pamoja. Langoni, Mama alisimama mbele ya kibanda cha sukuma wiki, palipokuwa na wanawake wengi, akasema kwa sauti ya kusikika: "Nilimkosea Norah. Hakufanya kosa lolote. Mwanangu ndiye aliyejidhuru, na mimi ndiye niliyemsingizia mtu." Kisha Mbinya akasema lake kuhusu sanduku, akimtazama Norah machoni, ingawa shingo ilitaka kuinama. Mitchelle alikuwa akisikiliza nyuma ya mama yake.

Norah alimpa Mama mkono. "Yameisha," alisema.

Jioni, Mama aliwakalisha binti zake wote wawili. "Kasiva, kinachoingia mwilini mwako kiulize kimetengenezwa kwa nini, wala si kinang'aa vipi. Na kidonda kikikuuma, sema mapema. Aibu haitibu usaha. Mbinya, kushuku si dhambi. Shaka ndiyo iliyokufanya uone lile doa. Lakini ukianza kuchunguza, chunguza hadi mwisho ndipo ufungue mdomo. Pua ya dada yako itapona kwa dawa. Jina la mtu, likishachafuliwa, tunalisafisha neno kwa neno, mlango kwa mlango, nasi tutaanza kesho."