Kitanda cha Eufrazia

Asubuhi hiyo Adelina alikuta shuka la kitanda cha marehemu binti yake limebonyea katikati, na pale palipobonyea pana joto. Akadhani ni paka. Kisha akakumbuka kuwa hawana paka.

Kitanda hicho alikichonga mumewe, Kasimiri, mguu mmoja ukatoka mfupi, na kabla hajaurekebisha surua ikamchukua Eufrazia. Tangu hapo kilitandikwa kila siku na hakilaliwi na mtu.

Adelina alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta ya shirika moja la umma, miaka hiyo watu wakisimama mlangoni kuishangaa. Siku chache nyuma mkuu wake, Revelian, alikuwa amemwagiza arahisishe ile sehemu ya programu kuu inayozigawia kazi nafasi katika kumbukumbu ya mashine, kwa kuwa nafasi ilikuwa haba na ugawaji wenyewe umejaa mafundo. Adelina aliufumua vizuri, njia tatu zikawa moja. Humo akakuta kifungu cha kadi za matundu, zile zinazobeba amri za mashine, kilichoamuru nafasi moja isipewe kazi yoyote, ikae wazi siku zote. Firoz, aliyemfundisha kazi kabla ya kuhama nchi, alikuwa amemwonya: "Hapo usiguse, dada. Mie mwenyewe nilikuta hivyo."

Adelina akacheka, akakitoa. Mashine ikaenda mbio, akasifiwa. Na kwa kuwa hakupenda kutupa kitu, kadi akaenda nazo nyumbani Temeke, akazipachika chini ya ule mguu mfupi. Kitanda kikatulia.

Baada ya joto ikaja harufu ya mafuta ya nazi aliyokuwa akimpaka mtoto nywele, kisha kikohozi kile kile kikavu cha surua, mchana kweupe, majirani wakitwanga uani, mpaka Kasimiri akaacha patasi yake na kuketi kando ya kitanda kutwa nzima, hali, haogi, mbavu zimemtoka, akinong'ona na shuka, na mkewe alipomsihi anywe walau uji akainua kidole mdomoni.

"Taratibu," alisema. "Ndiyo kwanza kalala."

Adelina, mtu wa kanisani, akaenda kumwita Jabiri, mganga wa Tandika. Mzee alinusa mlangoni, akakataa kuingia.

"Huyu si mwanao, mama. Katolewa alikowekewa nafasi, akaona na hapa pako wazi. Anavaa kile mnachokililia. Mrudishe, la sivyo mumeo ataisha."

Adelina akaziangalia kadi chini ya mguu wa kitanda, akaelewa. Akauliza kwa sauti ndogo kama angeachiwa hata ile harufu. Jabiri akatazama chini.

Kesho yake Kasimiri alipokwenda chooni, Adelina alizichomoa. Njiani mkoba ulimlemea begani, namna mtoto aliyelala anavyolemea, na mara mbili alisimama akitaka kurudi. Akafika kazini, akazirejesha kadi mahali pake. Revelian alipolalamika kuwa mashine imekuwa nzito tena, alimjibu kwamba itabaki hivyo.

Nyumbani alimkuta Kasimiri sakafuni, mkono juu ya shuka lililopoa.

"Umemzika mara ya pili," alimwambia.

Siku zikapita, Kasimiri akala, akarudia kuchonga. Adelina alimshukuru Mungu, na kila alipotandika kitanda kile, kikicheza tena, alilia.

Kisha alasiri moja, wenzake wamekwisha kuondoka, taipu ya mashine, inayochapa majibu yake, ikajigonga yenyewe. Neno moja: MAMA.

Alijua si mwanawe. Alijua vizuri kabisa. Akafunga mlango, akavuta kiti, akaitika.