Tandiko la Shaibu

Nikikwambia kwamba mtoto wa darasa la sita alijifunga tandiko la punda mgongoni, akabeba karafuu juu yake, akapita katikati ya kijiji cha Pujini mchana kweupe, utasema nimetunga. Haya, kaa vizuri nikusimulie ilivyokuwa, kisha uamue mwenyewe.

Mtoto huyo ni Time. Kila siku akitoka skuli anakula, anakwenda chuoni kusoma Kurani, na akirudi kazi yake ni kumpelekea majani na maji Shaibu, punda wa bibi yake. Bibi mwenyewe anaitwa Bi Kijakazi. Mikarafuu yake iko bondeni na nyumba yake iko juu ya kilima, na kati ya hapo kuna njia ya mawe inayomchosha hata mbuzi. Msimu ukifika, Shaibu ndiye anayepandisha karafuu mbichi. Anavishwa shogi, ile mifuko miwili ya ukindu inayoning'inia ubavuni huku na huku, na chini ya shogi anawekewa gunia kuukuu lililokunjwa ili mgongo usichubuke.

Mwenye kumwongoza ni Mmanga, mvuvi wa Kisiwa Panza aliyekuja Pujini kwa ajili ya msimu tu. Kwao ameacha mke na watoto watatu, na kazi hii ndiyo wanayoitegemea. Watu walimtania kwamba mvuvi na punda wapi na wapi, mwisho atamtia ndoana mdomoni. Yeye hucheka tu, akamkuna Shaibu masikio.

Siku moja Silima, kaka yake Time, alimwonesha dada yake kwenye simu farasi wa nchi za mbali. Wamevishwa vitambaa vya rangi, pembeni vinaning'inia vishada, wanatembea kama maharusi. Time aliirudia video ile mpaka chaji ikaisha. Pujini hakuna farasi, kuna Shaibu. Basi akaona Shaibu naye ana haki yake, atashonewa tandiko zuri, nene, la kumpumzisha mgongo.

Bi Kijakazi alifurahi kweli. Akampa kanga mbili za zamani na gunia la sufi iliyotoka kwenye msufi wa nyuma ya nyumba. Wewe uliyewahi kushona mto unajua, sufi ni laini kama wingu lakini ndani yake mna mbegu nyeusi, ngumu, kama njegere kavu. Lazima uzichambue moja moja.

"Usiache hata moja," bibi alimwambia. "Mto ukiwa na mbegu, mtu atageuza kichwa. Punda hawezi kugeuza mgongo."

Siku ya kwanza Time alichambua mpaka sufi ikamwingia puani. Siku ya pili alikuwa hajafika nusu ya gunia, na rafiki yake Mwanawema akaja kumwita, wenzao wanacheza nage na upande wao unashindwa. Time akaliangalia gunia. Akafikiri, nikiweka sufi safi juu, yenye mbegu ikakaa chini, nani atajua? Akaijaza yote kwenye kanga, akashona mdomo, akakimbilia nage. Jioni bibi alipouliza, alijibu bila kupepesa macho kwamba amechambua yote.

Tandiko lilipendeza, usifanye mchezo. Alilipiga bandi kwa nyuzi nyekundu, akaliwekea vishada vya sufu pembeni. Silima alimpiga picha Shaibu akiwa amelivaa, na picha ikazunguka kwenye simu mpaka Wambaa. Watu wakauliza, nani kashona? Time akatembea wiki nzima shingo juu.

Siku ya nane Shaibu aligoma. Alipoona shogi analetewa, akarudi nyuma, akarusha mateke. Mmanga akamvua tandiko ili amtazame, wakaona vidonda. Vitatu vilikuwa kwenye uti wa mgongo na vingine viwili ubavuni, vibichi, vinavuja maji.

Bi Kijakazi aliviangalia kimoja kimoja. Kisha akamuuliza Mmanga kampiga Shaibu kwa kitu gani. Mmanga akaapa kwamba tangu afike hajamgusa hata kwa kijiti.

"Vidonda havijitii vyenyewe," alisema Bi Kijakazi. "Mgongo huu mwaka jana haukuwa na alama. Wewe mwaka jana hukuwepo."

Habari ikashuka kilima upesi kuliko karafuu zinavyopanda. Waliokuwa wakitania, sasa wakasema hawakuwa wakitania, watu wa pwani hawana huruma na mnyama. Bi Kijakazi akamwambia Mmanga kwamba Ijumaa, baada ya sala, achukue nguo zake arudi kwao. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Time alisikia yote akiwa mlangoni. Alijiambia huenda si tandiko. Huenda Mmanga alimpiga kweli, njiani, pasipo mtu. Siri ya mbegu alimweleza Mwanawema peke yake, na Mwanawema akamshauri anyamaze, kwani tandiko limeshonwa na hakuna atakayelipasua. Lakini ile "huenda" ilimkaa kama mwiba wa samaki. Akitaka kujua, kuna njia moja tu.

Alhamisi, alipotoka chuoni, alilichukua tandiko, akaliweka mgongoni na kulifunga kwa kamba kifuani. Juu yake Mwanawema akamfungia pakacha la karafuu. Time akainama kama Shaibu, akaanza kupanda kilima.

Hebu fikiria. Watoto walimfuata nyuma wakimwimbia punda kapata mtoto. Mzee mmoja alimwuliza kwa upole kama anaumwa. Time hakumjibu mtu, jasho linamwingia machoni. Kabla ya kufika nusu ya njia alishaanza kuuma meno, na kila hatua kitu kigumu kikawa kinamsaga mfupa palepale. Juu kabisa walijibanza nyuma ya banda, Mwanawema akamtua pakacha, akaliinua tandiko kidogo na kumfunua nguo mgongoni.

"Nambie," alisema Time.

"Vidonda vimetoka pale pale," alijibu Mwanawema. "Kama vyake. Kimoja kinatoa damu."

Time hakulivua tandiko. Alikwenda nalo hivyo hivyo mpaka ukumbini, ambapo Mmanga alikuwa anakunja nguo zake na Bi Kijakazi amekaa kwenye mkeka anachambua vikonyo vya karafuu. Akalifungua hapo, akachukua mkasi wa bibi yake, akapasua mshono. Mbegu zikamwagika, tiki tiki tiki, sakafu nzima.

"Si yeye, bibi," alisema. "Ni mie. Sikuchambua yote. Nilikudanganya."

Bi Kijakazi aliokota mbegu moja, akaibonyeza kwa kidole kwenye paja lake. Time alisubiri kofi. Badala yake bibi aliinuka, mtu mzima yule, akamwendea Mmanga akamwomba radhi, mbele ya watoto wote waliokuwa wamejaa uani.

Mmanga aliiweka chini nguo aliyokuwa akiikunja. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Mwisho akamtazama Time. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini Shaibu akipona, kamuulize na yeye."

Shaibu alipumzika siku kumi na nne, akioshwa vidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Siku zote hizo karafuu zilipanda kilima kwa vichwa vya watu, na kichwa cha Time hakikukosa. Jioni alichambua sufi. Safari hii Mmanga alimwonesha jambo ambalo hata farasi wa kwenye simu hawakumfundisha: ashone mito miwili, mmoja kila upande, na katikati aache nafasi kama mfereji, ili mzigo ukae kwenye nyama, usiguse uti wa mgongo. Time alimpima Shaibu kwa uzi, akashona, na kabla ya kumvisha akalivaa tandiko hilo jipya kwanza mwenyewe, na pakacha juu yake, mpaka chini bondeni na kurudi. Watoto walicheka tena. Mgongo wake ukarudi bila alama.

Shaibu alipovishwa, alinusa, akatikisa masikio, akaanza kupanda.

Bi Kijakazi alimwita Time akae karibu yake. "Punda hana mdomo," alisema. "Mgeni ana mdomo, lakini hatumsikilizi, na hilo ni kosa langu mie. Lako ni hili. Ukilificha kosa, usidhani limekaa pale ulipoliweka. Linakwenda kutafuta mgongo wa mwenzio. Ukilisema mapema, unalibeba mwenyewe, na ni jepesi kuliko unavyodhani."

Na wewe unayesoma, niambie kweli. Mshono umefungwa, bibi yako hakushuku, na mgeni anakunja nguo zake. Wewe ungefanya nini?