Mkono Ukipanda, Bendi Husimama

Jua lilikuwa linazama nilipobisha hodi kwa shemeji kuchukua gitaa. Nilikuwa nimenuna tangu asubuhi. Yeyote aliyewahi kupiga besi kwenye bendi ya roki atanielewa: ukitaka kuzeeka mapema, andaa onyesho na wanamuziki wenzako. Mmoja hana waya, mwingine hana nauli, na wa tatu anauliza kama chakula kitakuwepo.

Onyesho lenyewe lilikuwa la kumkumbuka mume wa shemeji, mpiga gitaa wetu. Tulimwita Mgongo, kwa sababu jukwaani aliwapa watu mgongo mwanzo hadi mwisho, ameinama mbele ya spika yake kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Miaka yote ile watu walicheza kwa vidole vyake, na hakuna aliyewahi kuuliza anaitwa nani. Alipofariki, redio ilisema mwimbaji wetu amempoteza "mmoja wa vijana wake." Kijana! Mtu mwenye mvi. Niliizima ile redio kwa kofi.

Mwimbaji wetu tunamwita Jogoo. Hilo jina halihitaji maelezo.

Kwenye bendi yetu Jogoo akinyanyua ngumi juu, wote mnasimama papo hapo. Ndivyo tulivyozoeshwa. Sasa, wimbo wetu unaopendwa kuliko zote unamalizikia kwenye solo ya Mgongo. Kila onyesho ilikuwa hivyo hivyo: solo inaanza, inapanda, inanoga, mwili unakusisimka... ngumi hiyo juu. Kimya. "Asanteni! Nawapenda sana!" Makofi yote yake.

Mgongo hakuwahi kugomba. Alichomoa waya, akaenda kwenye kistoo nyuma ya jukwaa, akakaa juu ya kreti la soda na kuendelea pale alipokatizwa. Bila spika. Taratibu, peke yake. Baadaye ndipo alipolegeza nyuzi mojamoja na kulilaza gitaa kwenye kasha. "Wimbo ukikatwa unabaki kwenye nyuzi," aliniambia siku moja. "Usipoutoa, hautatulia." Tulimcheka.

Siku aliyokufa alikatizwa kama kawaida, akaenda kistooni kama kawaida. Tulimkuta amekaa, gitaa mapajani, kichwa kimeinama. Moyo, daktari alisema. Katika kile kilio na kukimbizana, hakuna aliyekumbuka kulegeza nyuzi.

Shemeji alifungua mlango kabla sijarudia kubisha. Alikuwa amekonda. Hakunikaribisha kiti, akanipeleka moja kwa moja chumba cha nyuma. Kasha lilikuwa sakafuni, na juu yake kuna godoro zima.

"Mbona umelifunika hivi, shemeji?"

"Ili nipate kulala."

Nilitaka kucheka. Nilipomtazama usoni sikucheka.

Niliondoa godoro, nikafungua kasha. Harufu ikanipiga... dawa ya kuchua, ile aliyojipaka vidoleni kabla ya kila onyesho. Mbichi. Kama kaipaka sasa hivi. Nikagusa nyuzi. Zilikuwa zimekaza. Nikazipiga moja baada ya nyingine, na kila uzi ukatoa sauti yake, sawasawa kabisa. Asiyepiga gitaa hataona ajabu yoyote hapo. Lakini gitaa likilala miezi bila kuguswa, nyuzi hupoteza sauti zake, lazima. Hili halikuwa limepotea hata kidogo.

Nikashika ufunguo wa uzi wa kwanza, niulegeze.

"Acha!" Shemeji alinishika mkono. Akashusha sauti, akanong'ona, "Bado hajamaliza."

"Nani?"

Alinisindikiza hadi mlangoni, na pale akasema neno moja tu. "Wasimkatize, shemeji. Nakuomba."

"Kwa jina la Mungu, hawatamkatiza," nilisema. Na nilimaanisha. Kwangu mimi onyesho lote lilikuwa hilo tu: watu wamsikie Mgongo mara moja, mpaka mwisho, hata kama ni kwa mikono ya mtu mwingine.

Basi njoo uone maandalizi sasa. Bango la ukumbini lilikuwa na picha ya Jogoo kubwa kama mlango, anacheka. Marehemu amewekwa pembeni, na picha waliyoipata ni ya mgongo wake. Nilitafuta pa kuitolea hasira yangu nikakosa. Orodha ya hotuba ilikuwa ndefu kuliko ya nyimbo. Mpiga dramu alichelewa. Aliyekuwa sawa ni mwalimu mmoja tu, mama anayefundisha muziki sekondari, tuliyemwomba apige sehemu za Mgongo. Aliisoma ile solo kutoka kwenye rekodi zetu zote.

"Zote zinakatika mahali pamoja," aliniambia. "Baada ya hapo nitabuni mwenyewe. Au wewe unajua inakoelekea?"

Nilisimama pembeni ya yule mtu nusu ya maisha yangu, na sikujua.

Nikamfuata Jogoo chumba cha kubadilishia nguo. "Leo usinyanyue mkono."

"Kaka, vipi tena? Namheshimu marehemu."

"Basi mheshimu mkono ukiwa mfukoni."

Aliapa. Aliapa huku anajitazama kwenye kioo.

Ukumbi ulijaa. Giza lilikuwa linaingia madirishani tulipofika kwenye ule wimbo. Mwalimu alikuwa na gitaa la Mgongo, na alilitendea haki. Solo ikaanza. Ikapanda. Nikamtupia jicho Jogoo: mkono mfukoni. Nikamshukuru Mungu. Tukafika pale rekodi zinapokatika, na nikahisi ukumbi mzima unavuta pumzi...

Ngumi ikapanda.

Sidhani hata alikusudia. Mkono ulishazoea. Na wa kwangu pia ulishazoea, ndilo linaloniuma mpaka leo: niliiona ile ngumi na vidole vyangu vikasimama vyenyewe. Dramu zikasimama. Mwalimu akaachia nyuzi, akainua mikono yote miwili.

Gitaa likaendelea.

Watu walishangilia wakidhani ni ufundi wa mitambo. Mwalimu alinigeukia.

"Si mimi," alinong'ona. "Si mimi..."

Alivua mkanda shingoni akalilaza gitaa sakafuni, akarudi nyuma. Nyuzi zilikuwa zinacheza. Niliziona kwa macho yangu, zinabonyea na kuachia, zinabonyea na kuachia. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa jukwaani. Na ile sauti, jamani. Sijui niseme nini. Kila alichomeza yule mtu miaka yote kilikuwa kinatoka pale. Makofi yalikufa. Wengine walianza kulia bila kujua wanalilia nini, na mimi niliyekuwa naogopa nilikuwa nalia pamoja nao. Wanamsikia, nilijisemea. Hatimaye wanamsikia.

"Mkono," Jogoo alinong'ona.

Ngumi yake ilikuwa bado juu.

"Kaka, mkono wangu... ushushe."

Niliukamata kwa mikono yangu miwili nikauvuta. Ulikuwa wa baridi, mgumu kama nguzo. Niliuning'inilia mzima mzima. Haukusogea.

"Ngoja amalize," nilimwambia sikioni. "Akimaliza utashuka." Sijui nilijuaje. Nilijua tu.

Na labda angemaliza! Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Lakini msimamizi wa ukumbi aliona moshi kwenye spika, au aliona tu muda wetu umekwisha, mimi sijui. Akaenda kwenye swichi kubwa, akaivuta.

Giza.

Spika zilinyamaza. Lakini chini, miguuni pangu, nikasikia... kri, kri, kri. Nyuzi tupu, bila umeme, sauti ndogo ya kistooni. Bado anapiga. "Nyamazeni!" nilipiga kelele. "Nyamazeni, bado anapiga!" Nani anisikilize? Watu walikuwa wanakanyagana kuelekea mlangoni, viti vinaanguka, wanawake wanaita watoto. Taa ziliporudi nyuzi zilikuwa zimetulia. Jogoo alikuwa amesimama palepale, analia kimyakimya, ngumi juu.

Wamemkatiza tena.

Nilimkuta shemeji nje, amekaa kwenye ngazi. Nikamwekea kasha miguuni. Akalisukuma kwangu kwa mguu.

"Sikai nalo tena. Wewe ndiye uliyetaka asikike."

"Shemeji, ile solo inaishia wapi? Niambie tuipige, tumalize haya mambo."

"Hukuniuliza mapema. Haiishii popote. Kule nyumbani alikuwa anautafuta mwisho, kila siku anautafuta. 'Sijawahi kuachwa nikafika huko, mke wangu,' ananiambia. 'Sijui kuna nini.' Akichoka analegeza nyuzi, analala."

Mkono wa Jogoo haujashuka mpaka leo. Madaktari wanasema ni mishipa ya bega. Mwingine akasema ni mshtuko, utapita. Jogoo analala amekaa kwenye kiti, na haimbi tena. Mtaani wanasema shemeji kamroga. Wengine wanasema mimi, kwa wivu. Waseme. Nimeshachoka kujibu watu wasiotaka kusikia.

Gitaa liko kwangu, kabatini. Nimejaribu kulegeza nyuzi kwa koleo, funguo hazizunguki. Nimejaribu kuzikata, koleo likavunjika meno. Kila jioni giza likiingia, harufu inatangulia. Halafu linaanza, palepale lilipokatizwa ukumbini, linatafuta. Mimi nakaa na besi yangu nje ya kabati, namsindikiza kidogokidogo. Wakati mwingine nahisi tunakaribia. Ndipo jirani anagonga ukuta, au simu inalia, au mke wangu ananiita, na linakatika, na kesho yake linarudi nyuma kuanza upya. Utadhani dunia nzima imeapa yule mtu asimalize.

Kwa hiyo nikaweka sheria ndani ya nyumba. Nilikuwa mkali, nakiri, lakini nilikuwa nimefika mwisho wa uvumilivu. Simu zizimwe. Mlango ufungwe. Gitaa likianza, hakuna kusema hata neno.

"Na mtoto akitaka kitu?" mke wangu aliuliza.

"Afanye kama shuleni," nilimjibu, sikufikiri hata kidogo.

Jana jioni tulifika mbali kuliko siku zote. Nyuzi zilikuwa zinapanda mahali sijawahi kupasikia, na nikajua, kwa uhakika wa mtu wa besi, kwamba mwisho uko pale mbele, umebaki mguso mmoja au miwili. Nilifumba macho.

Gitaa likanyamaza.

Hakuna aliyesema. Hakuna aliyegonga ukuta. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Nikafumbua macho, nikageuka.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la kulalia, mtiifu, mdomo ameufunga. Amenyoosha mkono juu.

"Shusha, mama," nilimwambia. "Sema unachotaka. Shusha mkono."

Kabatini, nyuma yangu, gitaa likaanza tena tangu mwanzo.

"Baba," alinong'ona, "haushuki."